Walichomuuliza Baba Nyuma ya Kihenge

Mama yangu hakuogopa kufa. Alichoogopa ni kuzikwa na watu wachache. Alikuwa amepika kwenye misiba mingi kijijini kwetu, ameosha maiti za wanawake wenzake, amelala chini kwenye matanga ya watu ambao hata hakuwapenda, na alijua kwamba siku yake ikifika ua wetu utajaa mpaka wengine wakae nje kwenye njia ya ng'ombe. "Nimewalilia wote," alikuwa akisema, "na wao watanililia." Alisema akicheka, lakini hakuwa anatania.

Mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi alikuwa ameshaugua muda mrefu. Tulimpeleka hospitali Maswa, wakatupa dawa na ushauri wa kurudi naye nyumbani, na sote tukaelewa ushauri huo una maana gani. Mimi nilikuwa nimeachika na kurudi kwa wazazi. Kaka yangu alikuwa Malampaka, kibarua wa reli, akija nyumbani akipata ruhusa. Kwa hiyo mle ndani tulikuwa watatu: baba, mama na mimi.

Kijiji chetu kiko kati ya Bariadi na Maswa. Siku hizi tunasema Simiyu, wakati ule tulikuwa Shinyanga, na yeyote aliyekuja kutoka serikalini alifika kwetu amechoka na ana haraka ya kuondoka. Mwaka ule, hata hivyo, wageni hawakuisha. Kila kitu kilikuwa kimeachiwa. Pamba, ambayo tangu nizaliwe tulimpelekea mnunuzi mmoja tu, chama cha ushirika, sasa ilifuatwa na watu wenye malori yao na mizani yao, kila mmoja akimsema mwenzake kuwa ni mwizi. Mitumba ilitandazwa gulioni. Na siasa nayo ikaingia sokoni. Jimbo letu lilikuwa na wagombea ubunge wawili waliokuwa na nguvu, mmoja wa chama cha zamani, mwingine wa chama kipya, na huyu wa chama kipya tulimwita mtoto wa nyumbani.

Kijiji kiliamua mapema. Uliitishwa mkutano wa jadi, dagashida, chini ya kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, na ikakubaliwa kwamba kijiji kizima kitampa kura mtoto wa nyumbani. Watu wakaambiwa wanyooshe mikono. Mimi nilinyoosha wangu huku nikiwaza sufuria niliyoiacha jikoni. Baba hakuwepo, kwa sababu mama alikuwa ameamka vibaya siku hiyo, na hakuna aliyemuuliza. Ilichukuliwa kwamba mkono wake ulikuwa pamoja na yetu.

Wiki chache baadaye wakaja watu wa maoni. Walikuwa vijana wa chuo kikuu kutoka Dar es Salaam, wakitafuta kujua wapiga kura wa jimbo wanafikiri nini. Walikuwa na barua ya wilaya, mwenyekiti wa kijiji akaigonga muhuri bila kuisoma, wakaanza kazi. Kazi yenyewe ilikuwa ya ajabu kidogo. Walianzia shuleni, wakahesabu nyumba, wakaruka kadhaa, wakaingia moja, wakaruka tena. Aliyeingia kwetu alikuwa binti mwembamba mwenye viatu vya kufunika vidole, jua lote lile. Akapiga goti kidogo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mayu," alisema baba, akimwita mama kwa Kisukuma. "Karibu kiti."

Akaeleza kwamba anatakiwa kuongea na mtu mzima mmoja tu katika nyumba, na si yeye atakayemchagua mtu huyo. Akakata karatasi ndogo tatu, akaandika, akazikunja, akazitikisa mkononi na kuniambia niokote moja. Nikaokota. Ilikuwa ya baba.

Mpaka leo nauchukia mkono wangu kwa jambo hilo, ingawa najua ni upuuzi.

Kisha akasema kitu kingine, kwa upole, kwamba wengine wote tusogee mbali, maana majibu ni siri ya mzee na si vizuri yasikike. Mama alikuwa amelala ndani. Mimi nilikuwa uani nikianika michembe, vile vipande vya viazi tunavyokausha kwa ajili ya kiangazi, na sikuweza kuviacha kwa kuku. Kwa hiyo wao wakasogea. Wakachukua viti viwili wakaenda kukaa nyuma ya kihenge cha mtama, upande wa njia ya kisimani, wakainamiana. Watu waliokuwa wakitoka kunywesha ng'ombe walipita na kuona: mzee wa watu na mgeni wa mjini, wamejibanza nyuma ya ghala, wananong'ona, na mgeni anaandika.

Kwetu mgeni hupokelewa mbele ya nyumba. Akiuliza, anajibiwa mbele ya watu, na aliyemzidi mwenzake umri hujibu kwa niaba ya waliopo. Anayemvuta mgeni pembeni ana la kuficha, na hili mtoto wa darasa la pili angekuambia. Yule binti alidhani anamlinda baba. Naamini kabisa alidhani hivyo.

Hakuna aliyesema neno mpaka redio iliposema. Jioni moja mtangazaji alisoma kwamba utafiti wa maoni umeonyesha jimbo letu halitabiriki, wagombea wale wawili wamekabana koo, huyu ana watu na yule ana watu. Nilisikia nikiwa kwenye mashine ya kusaga. Mmoja wa wanaume waliokuwa pale akauliza swali ambalo lilizunguka kijiji kizima kabla ya kesho yake: sisi wote tulisema jina moja, sasa yule wa pili kapata wapi watu?

Nyumba zilizoulizwa kijijini hazikuzidi vidole vya mkono. Wenyewe wakaitwa dagashida mmoja mmoja, wakaambiwa waseme walichojibu. Wengine wote walisema, kwa sauti, huku wakimtazama kamanda: mtoto wa nyumbani. Labda walisema kweli. Ikafika zamu ya baba.

Kamanda wa sungusungu alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, kama ukuta ungekuwepo; kati yetu ulikuwepo uzio wa minyaa tu. Yeye na baba walishirikiana maksai na plau kwa miaka mingi. Mkewe na mama walikuwa mashoga wa kuchota chumvi jikoni kwa mwenzako bila kuomba. Kamanda akamuuliza baba kwa heshima kabisa.

"Mzee mwenzangu, yule mtoto wa mjini ulimwambia nini?"

Baba akasema, "Aliniuliza pembeni, nikamjibu pembeni."

"Hapa hakuna pembeni. Tuambie na sisi."

"Mkinilazimisha kusema leo, siku ya kura mtanifuata mpaka kwenye sanduku. Sisemi."

Akaketi. Nilitamani kumvuta shati.

Wakamtenga. Kama hujakaa Usukumani, nikueleze kutengwa ni nini, maana si kununiwa. Hakuna anayekusalimu, na ukisalimu hakuna anayeitikia. Huruhusiwi mashine ya kusaga, wala kisima cha kijiji, wala kuomba moto. Ng'ombe wako hawachungwi na wa wenzako. Anayevunja, hata kwa neno moja, anatozwa faini ya mnyama. Na ukifiwa, unazika mwenyewe. Kutengwa kwa baba kulikuwa kutengwa kwa nyumba yote, na mlango wa kutokea ulikuwa mmoja: asimame mbele ya mkutano aseme alichojibu.

Mama alisikia yote kutoka kitandani. Hakumlaumu baba. Aliniuliza tu, "Na msiba je?" Nikajifanya sijaelewa.

Basi tukaishi. Nilisaga kwa jiwe la bibi, nikagundua jinsi mkono wangu ulivyodekezwa na mashine. Maji niliyafuata kwenye mchanga wa mto mkavu, nachimba, nasubiri yajae, nachota kwa kata. Nikikutana na wanawake njiani niliwasalimu "mwadila" kama kawaida, kwa makusudi, kila mmoja kwa zamu yake, nikiwatazama machoni. Walitazama miguu yao. Moja au mawili ya matusi niliyoyasema baada ya kuwapita siyaandiki hapa, lakini siyajutii.

Mke wa kamanda ndiye aliyeniuma zaidi, maana nilimpenda. Siku za mwanzo sikumwona. Kisha, jioni moja, nikasikia mtu anakohoa kwenye uzio wa minyaa. Kikohozi kikavu, mara mbili. Mama akafumbua macho, akakohoa naye. Ng'ambo ya uzio kikajibiwa. Nilitoka nje nikaona khanga ikipotea upande wa pili. Kukohoa si kuongea, na faini ilikuwa ya maneno. Toka siku ile alikuja kila jioni alipomaliza kufunga ndama, anakohoa, mama anamjibu, anaondoka. Ndiyo mazungumzo waliyobakiwa nayo wanawake wawili waliozaa na kunyonyesha pamoja.

Baba nilimgombeza. Sijui binti mwingine wa Kisukuma aliyethubutu kumsemesha baba yake vile nilivyomsemesha mimi. Nilimwambia anamuua mama mara mbili. Nilimwambia jina ni jina tu, ataje lolote, ataje wanalolitaka, aseme uongo basi, atubu kwa padri Jumapili. Alikuwa akisuka kamba ya ng'ombe. Akaniacha nimalize.

"Wakinilazimisha kusema uongo ili mama yako azikwe, watamzika kwa ajili ya uongo," alisema.

"Lakini watamzika!"

Akaendelea kusuka. Nilikuwa na hasira naye kiasi kwamba usiku nilishindwa kula chakula nilichokipika mwenyewe.

Nilipoona mama ameanza kukataa uji, nilitembea mpaka barabara kuu nikapanda lori la pamba kwenda Bariadi. Nilikuwa nimesikia watu wa maoni wamerudi kwa awamu ya pili. Nikamkuta yule binti kwenye nyumba ya wageni, anafua soksi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Akalia, na nakiri kwamba kilio chake kilinifariji kidogo. Nikamwomba aje amwambie kamanda alichojibu baba, yaishe.

"Dada, siwezi," akasema. "Nilimwahidi mzee. Na hata kama ningeweza, hatukuandika jina. Karatasi yake imeshachanganywa na nyingine zote."

"Basi huna faida."

"Ninaweza kuja kuwaeleza kwamba hakuchaguliwa na mtu. Kwamba ilikuwa bahati tu. Labda wakielewa hivyo wataacha."

Ilikuwa bora kuliko kurudi mikono mitupu. Akaja kweli, kesho yake, na gari la mradi, peke yake na dereva. Namheshimu kwa hilo. Kamanda akaitisha watu, kwa sababu mgeni ni mgeni, na mimi nikaruhusiwa kusimama pembezoni, mbali na wanawake wenzangu.

Binti akaeleza vizuri, kwa Kiswahili chepesi, mtu mmoja akitafsiri kwa wazee. Akasema hakuna aliyemwelekeza nyumba yetu. Akachukua karatasi, akazichana vipande, akaandika majina ya wanaume watano waliokuwa mbele, akazikunja, akazitikisa katikati ya viganja vyake viwili. Akamwambia mzee mmoja aokote. Akaokota. Akalisoma jina. "Mnaona?" akasema. "Si mimi niliyemtaka huyu. Karatasi ndiyo imemtoa. Ndivyo ilivyokuwa kwa mzee yule."

Nikatazama nyuso nikaona zinaelewa. Lakini hazikuwa zinaelewa alichokusudia. Vitu vinavyotikiswa mikononi, kisha kimoja kikatoka na kumtaja mtu! Hakuna aliyekuwa pale, Mkatoliki, Mlutheri wala asiye na kanisa, ambaye hakuwahi kuona jambo hilo likifanywa na mganga anapotafutwa mwizi au mchawi. Binti wa chuo kikuu alikuwa amekuja kutoka mjini kuwathibitishia kwamba baba alitolewa na ramli.

Mzee aliyeokota karatasi akasema kwa Kisukuma, taratibu, bila ubaya wowote, "Kumbe. Tulidhani ni watu waliomtaja." Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Na yule mwanaume ambaye jina lake lilikuwa limetoka pale mbele za watu akainuka, akaenda kukaa mwisho kabisa wa mkutano, na waliokuwa karibu naye wakasogea.

Binti akanigeukia, anatabasamu, anadhani amefanikiwa. Sikuwa na moyo wa kumwambia. Nilimshukuru, akapanda gari lake akaondoka.

Mama alikufa wiki hiyo hiyo, asubuhi, wakati baba anamfungulia dirisha. Kaka alikuwa ameshafika kutoka Malampaka. Nilimwosha peke yangu. Kazi ile ni ya wanawake wengi: mmoja ashike kichwa, mwingine amwage maji, mwingine aimbe ili mwenye uchungu asiisikie mikono yake mwenyewe. Nilishika kichwa, nikamwaga maji, na sikuimba. Baba na kaka walichimba. Udongo wa kwetu wakati wa kiangazi ni mgumu kama tofali la kuchoma, na kaburi ambalo vijana wa kijiji wangelimaliza kabla ya jua kali liliwachukua mpaka alasiri. Nilipomaliza ndani nikatoka nikashika jembe nami, jambo ambalo mwanamke hafanyi, na hakuna aliyekuwepo wa kunikataza.

Tulimshusha watatu. Hatukufika hata wa kutosha kushika kamba pande zote mbili, akaingia amepinda, kaka akashuka kumnyoosha. Baba akasoma sala, akakosea, akaanza upya. Ua wetu ulikuwa mtupu. Wakati tunafukia, kwa jirani, ndani kabisa ya nyumba, mwanamke akaanza kupiga yowe la msiba. Lilikuwa refu, na lilikatika ghafla, kama lililozibwa kwa mkono. Hapo ndipo nilipolia, na nililia kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Uchaguzi ukafika. Baba alivaa koti lake akaenda kupanga foleni shuleni, na watu wakaacha nafasi mbele yake na nyuma yake. Mtoto wa nyumbani alishinda kwa chupuchupu. Kijiji kililewa pombe ya mtama, ngoma zikalia, na katika furaha ile wakamkumbuka baba. Waliona hakuna haja tena. Kamanda akaja na wanaume kadhaa, wakasimama mbele ya nyumba, wakasalimu, "Mwangaluka," kana kwamba walionana jana yake. Wakasema yaishe, hata faini hawataki, kijiji kimeshinda. Wakatupa pole ya msiba. Mmoja wao alikuwa bado ananukia pombe.

Baba aliwapa mkono wote, mmoja mmoja, akawaletea viti. Mimi niliingia ndani.

Walipoondoka nikamfuata. Alikuwa amekaa pale pale mbele ya nyumba, viti vitupu vimemzunguka. Nikamwambia kwamba sasa hakuna mkutano wala kamanda, yamekwisha, na mimi nilichimba kaburi, kwa hiyo nina haki. Yule binti ulimjibu nini?

Akanivutia kiti kimoja.

"Nilimwambia sijaamua."

Nikadhani sijasikia vizuri. "Hujaamua?"

"Ndiyo. Hawa wasingeniamini. Wangesema namficha mtu." Akapangusa uso kwa kiganja. "Mambo kama yale naongea kwanza na mama yako. Siku ile alikuwa amelala, nikasema nisimwamshe, akipata nafuu tutaongea."